Mbuzi Aliyemeza Kanisa

Ukimwona Syokau ameketi juu ya mikono yake, usidhani anasikia baridi. Mji wa Kyuso hauna baridi ya hivyo. Anajizuia. Mbele yake kuna mtoto anayekunja waya upande usiofaa, na Syokau anaona wazi kwamba waya ule utafunguka, na vidole vyake vya ushonaji vinawasha kwa hamu ya kuurekebisha. Basi hulaza viganja kwenye benchi, akavikalia kwa mwili wake wote, ambao si haba, akasubiri. Waya unafunguka. Mtoto anautazama, ananung'unika kidogo, anaukunja upya. Hapo ndipo Syokau hupumua.

Hiyo ndiyo sheria kubwa katika ile stoo ya mabati nyuma ya kanisa: mkono wa mtu mzima haugusi kazi ya mtoto. Sheria nyingine, za kufagia na kutopigana na kutoonja gundi, watoto huzivunja kila Jumamosi na mambo yakaendelea. Hii haivunjwi, na anayeteseka nayo kuliko wote ni yeye mwenyewe aliyeitunga.

Aliitoa mbali. Alizaliwa Kanyangi, katika nyumba ya wasichana watupu ambamo mwanasesere wa dukani hakuwahi kukanyaga. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kuna cha kulalamikia. Gunzi la mahindi likivikwa kitambaa lilikuwa mtoto, likivuliwa lilikuwa kuni, na maisha yaliendelea. Dada zake walipenda magunzi. Syokau alipenda malori. Siku moja alipasua kopo la mafuta ya kupikia, akalikunja likawa bodi, kisha akakata magurudumu kwenye ndara za baba yake zilizokwisha. Baadaye ilibainika kwamba hazikuwa zimekwisha. Alichapwa, lakini kichapo si kitu alichokikumbuka. Alichokumbuka ni kijana wa jirani aliyelichukua lile lori, akalivuta barabarani kutwa nzima akijigamba kwamba amelitengeneza yeye, na kila mtu akamsadiki, kwa kuwa msichana hatengenezi lori. Hasira ya siku ile hajaimaliza mpaka leo, na ana miaka hamsini na ushee.

Aliolewa Kyuso, akajifunza kushona, akaweka cherehani kwenye baraza ya duka karibu na soko. Mumewe alifariki wangali vijana. Mutiso, kifungua mimba wake, alipomaliza shule akaenda kutafuta maisha Mombasa, na wadogo zake wakamfuata mmoja mmoja. Syokau akabaki na sare za shule, na watoto wa wanawake wa sokoni, ambao mama zao waliwaacha pale barazani wakisema "niangalilie huyu kidogo," na hicho kidogo kikawa mchana mzima. Mtoto asiye na shughuli atavuruga uzi wako wote. Akawapa vipande vya vitambaa, vifungo vilivyovunjika, kadibodi za biskuti. Hakuwa na nia ya kufundisha mtu yeyote. Alitaka kuokoa uzi.

Halafu ukaja mtaala mpya wa shule, ule wa watoto kuambiwa walete kitu walichotengeneza kwa vitu vya nyumbani. Hapo ndipo wazazi wa Kyuso walipomgundua. Walikuja jioni, wamechoka, na kila mmoja na kilio chake. Yupo baba mmoja, mtu mzima na kofia yake, aliyesimama pale barazani akasema, "Mama Mutiso, mtoto ameambiwa alete doli kesho asubuhi. Nishonee moja, lakini isikuwe mzuri sana, mwalimu asishuku."

Syokau aliondoa mguu kwenye cherehani. "Doli ni ya kwako ama ni ya mtoto?"

"Ni ya mtoto."

"Basi mlete mtoto."

Yule baba alinuna, akaenda kumtafuta fundi mwingine. Lakini wengine waliwaleta watoto wao, na watoto wakawaleta wenzao, na baraza ikajaa hadi wateja wakakosa pa kusimama. Ndipo kanisa likamruhusu kutumia stoo siku za Jumamosi. Ilikuwa na panya, na jua la mchana liliigeuza kuwa oveni, lakini ilikuwa na mlango, na kazi ya mtoto ikiwekwa pale leo utaikuta kesho. Kwa Syokau hilo lilikuwa jambo kubwa. Mtoto anayejua kwamba kitu chake hakitatupwa huanza kukitengeneza kwa namna nyingine.

Ufunguo wa stoo ulikaa kwa Mzee Kilonzo, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, mkulima wa ndengu, zile choroko za kijani, na mtu wa kunyoosha mambo. Aliufunga kwa kamba ya kiatu, akauning'iniza shingoni ndani ya shati. Kila Jumamosi Syokau alienda kwake kuuomba, na kila Jumamosi mzee alimaliza chai yake kwanza, taratibu, hadi majani ya chini, kisha akauvuta ule ufunguo kama mtu anayeng'oa jino.

"Hiyo takataka mtachoma lini, Mama Mutiso?" aliuliza.

"Tukimaliza, mzee," alijibu Syokau.

Huo ulikuwa wimbo wao kwa miaka. Hakuuchukia sana. Mzee Kilonzo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu hajawahi kuingia mle ndani watoto wakiwa kazini, na mtu asiyeingia huona kadibodi.

Agosti ya mwaka mmoja wimbo ukabadilika. Ndengu zilikubali vizuri, watu wakataka mahali pa kuziweka wakati wakingoja bei ipande, na kamati ikakumbuka ina stoo. Mzee Kilonzo alikuja mwenyewe barazani kumwambia, na hilo peke yake lilimwonyesha Syokau kwamba mambo yameiva.

"Ndengu ni chakula," alisema mzee. "Hiyo yenu ni mchezo. Sasa nikisimama mbele ya washirika nitawaambia nini? Ati gunia zao ziliwe na panya sababu watoto wanakata makaratasi?"

Syokau aliona mara moja yatakayofuata. Watoto wangerudi barazani, nusu yao wangekosa nafasi, na kazi zao zote zingechomwa uwanjani kabla gunia la kwanza kuingia. Akamwambia, "Jumapili ya Watoto iko karibu, mzee. Kila mwaka wanaimba na kusema mistari. Mwaka huu wacha waonyeshe kazi, pale nje, kila mtu aone. Mkishaona muamue."

Mzee alifikiri. "Nitangoja. Lakini wakiona takataka, Jumatatu tunaingiza ndengu."

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo watoto walikuja kila siku. Waliamua kujenga soko la Kyuso, zima, juu ya turubai moja. Ndila, msichana wa miaka minane asiyejua kunyamaza, alichukua duka la nyama. Hodo, binti wa Deeq mfanyabiashara wa mifugo, alijenga zizi la mnada na kuta zake za njiti. Hodo alikuwa mtoto wa Kiislamu na hakuwa na shughuli kanisani siku za Jumapili, lakini Jumamosi hakukosa stooni. Wengine walijenga hoteli, kinyozi, posho mill ya kusagia mahindi, yenye bomba la kutoa moshi wa pamba. Katikati wakasimamisha kanisa lenyewe, refu kupita goti la mtu mzima, kuta za kadibodi, paa la trei za mayai zilizolowekwa na kupondwa, kila kitu kimeshikwa kwa gundi ya uji wa unga wa ngano. Syokau alikalia mikono yake hadi ikafa ganzi. Kanisa liliinama kidogo upande wa mji wa Mwingi. Akaliacha liiname.

Jambo moja tu alifanya yeye, nalo lilikuwa la jikoni, akaona halihesabiki. Mwaka uliotangulia gundi ya unga iliota ukungu na kazi zikaoza. Mtu akamwambia chumvi huzuia. Basi alipopika uji wa gundi akatia chumvi, na kwa kuwa ni mtu asiyependa kufanya mambo nusunusu, akatia ya kutosha.

Jumatano, siku ya mnada, waliutoa mji wao nje ya stoo ili ukauke juani. Ua wa miiba ulikuwa na tundu ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyeliziba. Syokau aliwaambia watoto waende kula, naye akaenda barazani kumalizia kaptura ya mtu. Aliporudi alisikia kutafuna kabla hajaona.

Walikuwa mbuzi wa Deeq, waliopitishwa nyuma ya kanisa wakielekea mnadani. Sasa, mbuzi wa Kyuso mwezi wa Agosti anatembea kutwa nzima akitafuta chumvi, atalamba jiwe, atalamba ukuta, atalamba mkono wako wenye jasho. Na hapa mtu amempikia mji mzima wenye chumvi na kuuweka juani upate ladha. Duka la nyama lilikuwa limekwisha. Hoteli ilikuwa imekwisha. Beberu mmoja mkubwa, mweupe mwenye kichwa cheusi, alikuwa amepiga magoti ya mbele akilishughulikia kanisa kwa utulivu, hana hili wala lile, na Syokau alipomfikia akipiga kelele na kopo, kilichosalia kilikuwa kipande cha mnara, nacho kilikuwa mdomoni.

Aliumia. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Aliketi chini kwenye turubai lililojaa mate ya mbuzi akashika tama, na watoto waliporudi wakamkuta hivyo, na mdogo mmoja akaanza kulia, wengine wakafuata. Kelele ikamleta Mzee Kilonzo, aliyekuwa akipita kwenda mnadani. Alitazama turubai, akatazama mbuzi.

"Hata mbuzi wameona ni takataka," alisema.

"Mbuzi hali takataka, mzee," alijibu Syokau bila kuinua kichwa. "Huyu amekula kwa sababu ilikuwa tamu."

Mzee akaenda zake mnadani. Ndila alikuwa akimtazama yule beberu, ambaye sasa alikuwa anacheua.

"Susu," alimwita Syokau, jina ambalo watoto wote walimwita, la bibi. "Kwa hivyo kanisa iko ndani ya hiyo mbuzi saa hii?"

"Iko."

"Nzima?"

"Sidhani nzima, Ndila."

"Yona alikuwa mzima," alisema Ndila.

Hodo alikuwa ameokota kipande cha kadibodi, akakigusa kwa ulimi. "Susu, uliweka chumvi? Hata baba hupatia mbuzi zetu chumvi jioni ndio zirudi nyumbani."

Syokau alifunga macho. Miaka yote aliyoishi Kyuso, miongoni mwa mbuzi, na hakuwaza. Alisema kweli mbele ya watoto: "Ni mimi. Niliwapikia mbuzi." Mtoto mmoja akacheka, akajaribu kukizuia kicheko, akashindwa, na baada ya muda walikuwa wakicheka wote huku machozi bado yako mashavuni.

Jioni Deeq alikuja na kikoi chake safi na Hodo nyuma yake. Alisimama mbali kidogo na baraza, kama mtu anayekuja msibani.

"Mama, mbuzi yangu imekula kanisa yenu," alisema. "Wallahi nimeona haya. Chukua mbuzi moja. Chagua yenyewe unataka."

"Nitampeleka wapi, Baba Hodo? Aje anile cherehani?" Syokau alimtazama Hodo, na Hodo akamtazama yeye, na wazo lililokuwa limekaa kichwani mwake tangu mchana likasimama. "Nipe yule mkubwa mwenye kichwa nyeusi. Si wa kuchinja. Niazime tu mpaka Jumapili. Watoto wako na kazi naye."

Deeq hakuelewa, lakini mtu aliyeharibu haulizi sana. Kesho yake asubuhi yule beberu alikuwa amefungwa mlangoni pa stoo, na watoto wakampa jina Inspekta.

Kazi ya Inspekta ilikuwa kukagua vifaa. Kila mtoto alileta alichookota, akakiweka mbele yake. Akikila, hakifai. Kamba ya katani ilikwenda. Magunzi yalikwenda. Kitambaa cha Syokau chenye maua kilikwenda kabla hakijatua chini. Lakini vizibo vya soda Inspekta alivinusa akageuza uso. Makopo akayapiga pembe. Waya hakuutaka. Vipande vya akala, vile viatu vya mpira wa gari, alivitazama kwa dharau ya mtu mkubwa. Kuhusu ndara kulizuka ubishi, maana aliitafuna kidogo kisha akaitema, na watoto wakagawanyika, hadi Hodo akaamua kwamba kilichotemwa hakijaliwa. Kufikia mchana walikuwa na rundo la kung'aa na kukwaruza, na hakuna kitu hata kimoja ndani yake ambacho mbuzi wa Kyuso angekitaka.

"Sasa tunajenga soko tena?" aliuliza mmoja.

"Soko gani," alisema Ndila. "Tunajenga mbuzi."

Siku zilizobaki kabla ya Jumapili ya Watoto zilikuwa chache na Syokau alijua huenda zisitoshe. Kila mtoto alitengeneza mbuzi wake wa kopo, mgongo wa waya, miguu ya vifuniko, masikio ya ndara. Wakubwa walishirikiana kwenye mbuzi mmoja mkubwa. Tumbo lake lilikuwa mtungi wa maji wa manjano uliopasuka, shingo yake kopo la mafuta lisilo na kitako, mdomo wake ndara mbili zilizoshonwa pamoja kwa waya, na uzi wa nailoni ukivutwa kwa nyuma, mdomo ulifunguka. Manyoya yake yalikuwa vizibo vya soda, kila kimoja kimetobolewa kwa msumari na kuning'inizwa, ili akitembea avume kama kundi zima. Ndila alitaka mlango wa kutolea vilivyomezwa uwe nyuma, chini ya mkia, "kama kawaida." Syokau, aliyekuwa amekula kiapo cha kutoingilia, alisema kwamba mlango wa ubavuni ungependeza zaidi mbele ya mchungaji. Hiyo ndiyo sauti pekee aliyotoa.

Jumamosi jioni watoto walipoondoka alibaki peke yake stooni. Mguu mmoja wa mbuzi mkubwa ulikuwa mfupi. Shingo ilikaa vibaya, ilikuwa na kona mahali pasipofaa, na Syokau aliona kabisa kwamba kitu kitanasa pale. Koleo ilikuwa mezani. Kukunja mara moja tu, nani angejua? Stoo ingeokoka, watoto wangefurahi, na Mzee Kilonzo angefunga mdomo. Alishika koleo. Kisha akilini akamwona yule kijana wa Kanyangi akivuta lori lisilo lake, akaiweka chini. Alifunga mlango akaenda kurudisha ufunguo, na njiani alijilaani kwa ukaidi wake.

Jumapili uwanja wa kanisa ulijaa. Habari ya mbuzi kula kanisa ilikuwa imefika Mwingi na kurudi, na walikuwepo watu ambao hawakuwahi kuonekana ibadani tangu harusi zao. Deeq alikuja na kusimama karibu na lango. Alikuwa amesema kwamba ndani hapana, lakini uwanjani binti yake anaweza kumaliza kazi yake. Wazee wa kamati walikaa mbele kwenye viti, Mzee Kilonzo katikati, mikono magotini. Syokau alikaa kwenye benchi la mbao pembeni.

Kwanza walisikia. Mlio wa bati na vizibo ulitoka nyuma ya kanisa, ukakaribia, watu wakageuza shingo, na kundi la mbuzi wa makopo likatokea kwenye kona likivutwa kwa nyuzi, wakubwa kwa wadogo, wengine wakienda upande, mmoja akiburuzwa chali na mwenye naye hajali. Nyuma yao, akichechemea kwa mguu wake mfupi, kila kizibo kiking'aa juani, akaja yule mkubwa. Akina mama waliinuka kwenye viti vyao. Nje ya ua, Inspekta aliyefungwa kwenye mti alilia, na watu wakacheka, na Syokau akasikia moyo wake ukianza kupanda.

Ndila alisimama mbele akiwa amebeba kanisa dogo la kadibodi. "Hii ni kanisa," alisema kwa sauti iliyofika barabarani. "Jumatano ililiwa."

Hodo akavuta uzi. Mdomo ukafunguka wazi. Ndila akaliingiza kanisa. Likaenda hadi nusu, likakwama.

Hodo alivuta tena. Mdomo ulifunguka na kufunga, ukafunguka na kufunga, na mnara ukabaki umechomoza nje. Ilikuwa ile kona ya shingo, pale pale alipoiona. Mtu mmoja nyuma alicheka, kicheko kile kibaya. Mzee Kilonzo aligeuka akamtazama Syokau, na uso wake ulisema waziwazi, inuka basi, wewe ndiye mkubwa. Syokau aliivuta mikono yake chini ya mapaja akaikalia. Alitamani ardhi ipasuke. Mbao za benchi zilimchoma viganjani na hakuinuka.

Watoto wawili walinong'onezana. Kisha Hodo akaacha uzi, akaenda mbele, akamshika yule mbuzi wa mtungi chini ya kidevu, akakiinua kichwa juu, na kwa mkono wa pili akaanza kumpapasa koo, kutoka juu kwenda chini, taratibu, akimbembeleza kwa maneno ya kwao.

Uwanja mzima ulikijua kitendo hicho. Hakuna nyumba Kyuso ambayo haijamnywesha mbuzi dawa ya minyoo kwa namna hiyo hiyo, kidevu juu, koo likipapaswa, hadi ameze. Mwanamke mmoja alisema, "Papasa, mwanangu," na mwingine akarudia, na kanisa likacheza kidogo, likateleza, likashuka na kugonga chini ya mtungi, dum. Kilichotokea baada ya hapo hakikuwa makofi tu. Watu walisimama. Wazee walipiga fimbo chini. Deeq pale langoni alikuwa ameweka mikono kichwani akicheka hadi machozi.

Ndila alingoja, maana alikuwa hajamaliza. "Yona alikaa ndani ya samaki," alisema, "na alitoka." Akafungua mlango wa ubavuni, akaingiza mkono hadi begani, akatoa kanisa jingine, la bati tupu, kuta za makopo, paa la vizibo, msalaba wa waya juu. Aliliinua kwa mikono miwili na jua likalipiga. "Hii sasa mbuzi haiwezi kula."

Shangwe zilipotulia Mzee Kilonzo aliinuka. Kila mtu alijua habari ya ndengu. Hakwenda kwenye kipaza sauti. Alitembea hadi kwa yule mbuzi, akamzunguka, akagusa vizibo, akainama kuchungulia ndani ya mlango wa ubavu, akabaki ameinama kwa muda kuliko heshima ya mwenyekiti inavyoruhusu.

"Nani ametengeneza shingo?" aliuliza.

"Sisi," alisema Hodo.

"Na Mama Mutiso?"

"Yeye hukalia mikono," alisema Ndila.

Mzee alimtazama Syokau pale benchini, na kweli alikuwa ameikalia. "Nyumba ya kijana wangu iko tupu," aliiambia kamati bila kugeuka. "Ndengu zitakaa huko." Kisha akaingiza mkono ndani ya shati, akavuta ile kamba ya kiatu, akaipitisha juu ya kichwa chake.

Hakumpa Syokau. Alivuta uzi, mdomo wa ndara ukafunguka, akautia ufunguo ndani. Ulinasa palepale kwenye kona. Basi mzee akaushika ule mdomo chini ya kidevu, akainua kichwa cha mbuzi juu, akampapasa koo kwa kidole gumba, mbele ya washirika wote, hadi ufunguo ukashuka na kulia ndani ya mtungi.

"Umemezwa," alisema Mzee Kilonzo. "Mimi siwezi kutoa tena. Ulizeni hao wenye mbuzi."

Watoto waliruka mlangoni wote kwa pamoja, mikono kumi ndani ya tundu moja. Syokau alitoa viganja vyake chini ya mapaja. Vilikuwa vyekundu, vimechapwa mistari ya benchi kutoka upande hadi upande, na ganzi imevishika hadi vidoleni. Akavitumia hivyo hivyo, akapiga makofi.